"Mbwa wa Washenzi": Basenji, Kazi ya Msituni na Nyumba Zisizojiandaa

Utangulizi

Katika mtaa ninaokaa palikuwa na mbwa mkubwa wa aina ya Kijerumani, yule ambaye mijini kwetu huitwa berger. Alinunuliwa akiwa mtoto, kwa bei ambayo majirani waliizungumzia kwa wiki nzima. Mchana alifungiwa ndani ya kibanda cha mabati, na usiku alifunguliwa ili wezi wamwogope. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa akizunguka palepale kibandani hata akachimba duara ardhini kwa kucha zake. Siku moja alimng'ata mtoto wa nyumba ile. Mtaa mzima ulitoa hukumu moja: mbegu hiyo ni mbaya. Akauawa siku hiyohiyo.

Hukumu ile ndiyo iliyonisukuma kuandika insha hii. Je, ni kweli kwamba kuna mbegu mbaya za mbwa? Au kuna mbwa waliotengenezwa na historia kwa ajili ya kazi fulani, kisha wakapelekwa mahali ambapo kazi hiyo haipo na hakuna anayeikumbuka? Ili kujibu swali hili sikuchagua mbwa wa Kijerumani. Nimechagua mbwa aliyetoka kwetu Kongo, ambaye leo anafugwa London na New York kwa jina linalotokana na neno la Kiswahili. Mbwa huyo ni basenji.

Hoja ya insha hii ni kwamba mbwa wa kazi hashindwi kuishi nyumbani kwa sababu ya ubaya wa damu yake. Hushindwa kwa sababu waliomhamisha walichukua mwili wake, wakaacha nyuma kazi yake, wenzake, na maarifa ya watu waliomfuga. Nitaanza na jina, nifuate na kazi yake msituni, kisha safari yake ya ng'ambo. Baada ya hapo nitamlinganisha na mbwa wa kuchunga kondoo wa Uingereza, kwa maana ulinganisho huo unaonyesha kuwa tatizo hili si la Afrika peke yake.

Jina lililoficha wenye mbwa

Msomaji yeyote wa Kiswahili atalitambua neno lililofichika ndani ya jina hili. Katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu wa mji, mwenye dini, mavazi na adabu za mji. Mshenzi alikuwa mtu wa bara. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilipofika Manyema na kuvuka mto Lualaba, ilikuja na lugha, na lugha ilikuja na dharau yake. Katika Kongo ya Wabelgiji neno hilo liliendelea kuishi kwa umbo la basenji, katika Kiswahili cha huku na katika Lingala pia. Lilitumiwa kwa watu wa vijijini, wale ambao wakoloni na baadhi ya Waafrika wa mjini waliowaiga waliwaona kuwa hawajastaarabika.

Basi mbwa wa watu hao akaitwa mbwa wa basenji, yaani mbwa wa washenzi. Wazungu waliompenda walilikata jina: neno mbwa likaanguka, likabaki tusi. Leo mtu wa Marekani anayesema kwamba ana basenji nyumbani hajui kuwa anatamka tusi walilotukanwa wenye mbwa.

Mtu anaweza kusema kwamba jina ni jina tu. Sikubaliani. Jina hili linatueleza kilichotokea baadaye. Mtu akishaitwa mshenzi, hakuna anayemwendea kumwuliza maarifa. Mgeni aliyetamani mbwa wa wawindaji wa msituni aliweza kumnunua kwa chumvi, kwa kitambaa au kwa fedha. Lakini kuketi na mwindaji na kumwuliza mbwa huyu hulelewaje, huanza kazi akiwa na umri gani, hukasirishwa na nini, hilo lingekuwa kukubali kwamba mshenzi ni mwalimu. Mfumo wa kikoloni haukuwa na nafasi ya mwalimu wa namna hiyo.

Kazi ya msituni

Miongoni mwa maelezo ya mapema yaliyoandikwa kuhusu mbwa wa aina hii ni yale ya Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani. Alisafiri kati ya 1868 na 1871 katika nchi ambazo leo ni Sudani Kusini na kaskazini-mashariki ya Kongo, na kitabu chake kilitoka katika miaka ya 1870. Kwa Azande aliona mbwa wadogo wenye manyoya mafupi ya rangi ya hudhurungi, masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja. Shingoni walivalishwa kengele ya mti ili wasipotee katika nyasi ndefu.

Kengele hiyo inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake mna historia nzima ya mbwa huyu. Basenji habweki kama mbwa wengine. Si bubu: hulia, hunguruma, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka kama mtu anayeimba. Lakini hana ule mlio wa kurudiarudia ambao mwindaji wa Ulaya huutegemea kujua mbwa wake yuko wapi. Kwa hiyo kengele ilifanya kazi ya sauti. Na ikiwa mwindaji anahitaji kengele ili kumjua mbwa alipo, maana yake ni kwamba mbwa hayuko mbele ya macho yake. Anafanya kazi peke yake, mbali, ndani ya kichaka, na hakuna anayempa amri.

Katika msitu wa Ituri, Wambuti waliwinda kwa nyavu. Wanaume walisimamisha nyavu zao zikaungana kuwa nusu duara kubwa, na wanawake na watoto wakaja kutoka upande wa pili wakipiga kelele ili wanyama wakimbilie nyavuni. Mnyama aliyepatikana zaidi alikuwa mboloko, paa mdogo wa msituni, pamoja na jamaa zake wakubwa kidogo. Katika uwindaji wa misitu hii, mbwa mwenye kengele alipenya mahali ambapo mtu hapenyi, akamtoa mnyama mafichoni na kumsukuma kuelekea wavu au mkuki.

Tukiichambua kazi hiyo, tunapata mambo manne. Kwanza, ni kazi ya mwendo: kutembea na kukimbia kwa saa nyingi katika joto na unyevu. Basenji ana urefu wa kama sentimita 43 mabegani na uzito wa kama kilo 11, mwili mwepesi wenye miguu mirefu, na mwili huo si pambo. Pili, ni kazi ya kuamua. Mbwa anayesubiri amri ndani ya kichaka hatoi mnyama. Tatu, ni kazi ya kukimbiza: kinachokimbia kinafuatwa mara moja, bila kufikiri mara mbili. Nne, ni kazi ya pamoja. Mbwa aliishi kati ya watu, watoto na mbwa wengine usiku na mchana. Kambi haikuwa na lango la kufungwa wala saa ambayo watu wote waliondoka wakamwacha.

Hakuna aliyeandika daftari la nasaba za mbwa hawa. Msitu wenyewe ndio uliochagua. Mbwa aliyefanya kazi vizuri alithaminiwa, akabaki, akazaa, aliyeshindwa hakudumu. Vizazi vingi vya uchaguzi wa namna hiyo huacha alama ndani ya damu, na alama hiyo haifutiki kwa kupanda meli.

Hata hivyo, tusiupambe ukweli. Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti katika miaka ya 1950 na kuandika kitabu kuhusu maisha yao kilichotoka 1961, alieleza kwamba mbwa wa kuwinda walikuwa na thamani kubwa, lakini walipigwa mateke tangu kuzaliwa hadi kufa. Kwa hiyo sidai kwamba mbwa huyu alipendwa zaidi msituni kuliko alivyopendwa London. Huenda ni kinyume chake. Ninachodai ni kwamba msituni alikuwa na kazi, wenzake na nafasi, na kwamba upendo wa sebuleni hauwezi kujaza pengo la vitu hivyo vitatu.

Safari ya ng'ambo

Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa imeanza kumtazama mbwa kwa jicho jipya. Mwaka 1873 iliundwa Kennel Club mjini London, chama cha kuandikisha nasaba na kusimamia maonyesho. Mwaka 1891 Charles Cruft alianzisha maonyesho yanayobeba jina lake hadi leo. Katika maonyesho, mbwa hutembezwa mbele ya jaji, na jaji hutazama kichwa, masikio, mgongo, mkia na rangi.

Mbwa kutoka Kongo walionyeshwa Crufts mwaka 1895, lakini hawakuishi muda mrefu. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alileta mbwa sita kutoka Sudani, nao pia walikufa, katika jitihada za kuwakinga na distempa, ugonjwa ambao miili yao haikuuzoea. Ni katika miaka ya 1930 ndipo mama mmoja Mwingereza, Olivia Burn, alipofaulu. Alileta mbwa kutoka Kongo ya Wabelgiji, wakazaa, na mwaka 1937 akawaonyesha Crufts. Watu walimiminika kuwatazama mbwa wasiobweka. Mwaka 1941, mbwa jike aliyekonda sana alikutwa ndani ya meli ya mizigo iliyofika Boston kutoka Afrika Magharibi. Akapewa jina la Congo, akawa miongoni mwa wazazi wa basenji wa Marekani. Chama cha wafugaji wa basenji nchini humo kiliundwa mwaka 1942, na muda mfupi baadaye aina hii ikakubaliwa rasmi.

Ni rahisi kuona kwa nini mbwa huyu alipendwa. Habweki, hivyo jirani hatalalamika. Hujilamba kama paka, hana harufu kali, ni mdogo, ana makunyanzi ya paji la uso yanayompa sura ya mtu mwenye mawazo. Aliyesoma sifa hizo peke yake angeamini kwamba mbwa wa kukaa ghorofani amepatikana. Vitabu vya wafugaji vikaongeza utukufu: vikamwita mbwa wa mafarao, kwa kuwa makaburi ya Misri ya kale yana picha za mbwa wenye mkia uliojikunja na masikio yaliyosimama. Tunaona hapa jambo la kushangaza. Mbwa wa washenzi alipewa ukoo wa kifalme wa miaka elfu kadhaa iliyopita, lakini mwindaji wa Ituri, aliyekuwa hai na mwenye majibu, hakutajwa ila kama mandhari.

Kisha mbwa akaingia nyumbani. Mwenye nyumba alikwenda kazini asubuhi, akafunga mlango. Basenji aliyeachwa peke yake kwa saa nane hutafuna kiti, godoro, kiatu, mlango. Akiwa uani hupanda uzio wa waya kama mtu anayepanda ngazi. Akiona kitu kinakimbia, awe paka au gari, hukifuata, na akiitwa harudi. Mambo haya si masimulizi ya watu wanaomchukia. Vyama vya wafugaji wa basenji wenyewe huwaonya wanunuzi kuhusu hayo. Lakini tukiyapanga mambo haya kando ya yale manne ya msituni, tunaona ni yaleyale. Mwendo umekosa njia, ukawa kuruka uzio. Uamuzi umekosa mnyama, ukawa ukaidi. Kukimbiza kumekosa mboloko, kukawa kufuata magari. Na kiumbe wa kambi aliyeachwa kwenye nyumba tupu hupambana na mlango.

Wa kwanza na wa 78

Hapa msomaji anaweza kunipinga. Anaweza kusema kwamba basenji ni mbwa wa mwituni tu, na kwamba mbwa wa Ulaya waliozoea amri hawana shida hiyo. Pingamizi hili linajibiwa na ulinganisho.

Mwaka 1994, mwanasaikolojia Stanley Coren wa Kanada alichapisha kitabu kuhusu akili za mbwa. Aliwauliza majaji wa mashindano ya utii, akazipanga aina za mbwa katika ngazi 79 kwa wepesi wa kujifunza amri na kuzitii. Wa kwanza alikuwa Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo kutoka mpaka wa Uingereza na Scotland. Basenji alikuwa wa 78, wa pili kutoka mwisho. Orodha hiyo imenukuliwa mara nyingi kana kwamba inapima akili yote. Kwa mwanahistoria inapima kitu kingine: ni mbwa yupi alifanya kazi chini ya sauti ya mtu, na yupi alifanya kazi mbali na sauti hiyo.

Border Collie alitengenezwa na kazi yake kama basenji alivyotengenezwa na yake, ila kazi zilikuwa tofauti. Mwaka uleule wa 1873 ambao Kennel Club iliundwa, yalifanyika mashindano ya mbwa wachungaji huko Bala, Wales. Mshindi alikuwa Mskoti aliyekuwa akiishi Wales, pamoja na mbwa wake Tweed. Huko hakuna aliyetazama mkia. Walitazama kondoo wameletwa vipi. Mwaka 1893, katika jimbo la Northumberland, alizaliwa mbwa aliyeitwa Old Hemp, wa mfugaji Adam Telfer. Alifanya kazi kimya, kwa kunyemelea na kuwakazia kondoo macho, nao wakasogea bila kuumwa. Wachungaji walimtaka kwa ajili ya mbegu, na Border Collie karibu wote wa leo wana damu yake. Mbwa wa aina hiyo hukimbia mlimani kutwa nzima huku sikio lake likisubiri mluzi.

Je, mtii huyu wa kwanza anaishi kwa amani katika nyumba isiyojiandaa? La. Akikosa kondoo huchunga watoto, akiwazunguka na kuwauma visigino. Huchunga baiskeli, magari, hata vivuli ukutani. Wa kwanza na wa 78 wanafikia mlango uleule wa nyumba za kupokelea mbwa waliokataliwa. Kama aliye mtii kuliko wote anashindwa, na asiyetii anashindwa, basi utii siyo kiini cha tatizo.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mbwa ambaye dunia nzima ilimpenda. Filamu ya kwanza ya Lassie ilitoka Marekani mwaka 1943, ikisimulia mbwa mwaminifu aina ya collie anayesafiri mbali kurudi kwa mtoto anayempenda. Mbwa aliyeigiza aliitwa Pal, dume aliyepewa nafasi ya jike. Pal alifika kwa mwalimu wa mbwa Rudd Weatherwax kwa sababu mwenyewe alishindwa naye: alibweka mno na kufukuza pikipiki. Weatherwax alipunguza kubweka, lakini tabia ya kufukuza pikipiki haikuisha, na mwenye mbwa hakumtaka tena. Hivyo mbwa aliyewafanya maelfu ya watoto watamani collie nyumbani alikuwa mwenyewe mbwa aliyekataliwa nyumbani. Kilichomwokoa ni kupata mtu mwenye muda, maarifa, na kazi ya kumpa kila siku.

Filamu zilirudia kosa hilo. Dalmatian, mbwa mweupe mwenye madoa, alikuwa mbwa wa kukimbia kando ya magari ya farasi kwa maili nyingi. Baada ya filamu ya Disney ya mbwa hao 101, iliyotoka 1961, kurudishwa katika majumba ya sinema mwaka 1985, watoto wa Dalmatian walioandikishwa Marekani waliongezeka kutoka kama 8,000 mwaka huo hadi zaidi ya 40,000 mwaka 1993. Baadaye idadi ilianguka vibaya. Watu walinunua madoa. Hawakujua kwamba wamenunua pia zile maili.

Damu na malezi

Inabaki kuuliza: ikiwa tamaa ya kazi imo ndani ya damu, je, malezi yana nafasi gani? Swali hili lilichunguzwa kwa miaka mingi katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, na John Paul Scott na John Fuller, ambao kitabu chao kilitoka 1965. Walilea watoto wa aina tano za mbwa kwa namna moja ili kuona kipi ni cha nasaba na kipi ni cha malezi. Mmoja wa hao watano alikuwa basenji.

Matokeo yao kuhusu basenji yana pande mbili. Kwa upande mmoja, watoto wa basenji wenye umri wa wiki tano walikuwa waoga na wenye kumkimbia mtu kuliko wengine, na walipofungwa kamba ya kutembezwa waliipigania kwa meno. Hiyo ni damu. Kwa upande mwingine, walipoendelea kushikwa na kuzoezwa, woga ule ulipungua haraka. Hayo ni malezi. Watafiti hao walionyesha pia kwamba kipindi cha wiki ya 3 hadi ya 12 ndicho mtoto wa mbwa hujifunza nani ni jamaa yake. Utafiti mwingine wa maabara hiyohiyo, uliotoka 1961, ulionyesha kwamba watoto walioachwa bila mtu hadi wiki ya 14 walibaki kama wanyama wa porini.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Utafiti ule ulithibitisha methali hiyo, lakini uliongeza neno: si kila samaki anakunjika upande uleule. Mwindaji aliyezaliwa kambini pengine hakuwa na maneno ya maabara, lakini mtoto wa mbwa wake alikulia kati ya miguu ya watu tangu siku ya kwanza, akafuata wakubwa kazini. Malezi hayo yalikuwemo ndani ya maisha yenyewe. Mbwa alipohamishwa, damu ilipanda meli. Malezi yakabaki bandarini.

Hilo linaonekana hata katika tukio la karibuni zaidi. Basenji wa Ulaya na Marekani walitokana na wazazi wachache, na uhaba huo ulileta magonjwa ya kurithi, ukiwemo ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Zaire, kaskazini-mashariki, wakarudi na mbwa wapya, na mwaka 1990 daftari la nasaba likafunguliwa ili kuwapokea. Nia yao ilikuwa njema na dawa ilihitajika. Lakini tazama kilichoingia katika daftari: ni damu. Hakuna safu ya kuandika kazi.

Nyumba isiyojiandaa ni ipi?

Kutokana na historia hii tunaweza kueleza nyumba isiyojiandaa bila kuihukumu kwa utajiri au umaskini. Nyumba yenye ua mkubwa inaweza kuwa haijajiandaa, na kambi ya majani ikawa imejiandaa. Nyumba isiyojiandaa ni ile inayomjua mbwa kwa sura na haimjui kwa kazi. Haiulizi babu zake walifanya nini kutwa. Haina mtu wa kukaa naye mchana. Inadhani kumkimbiza nusu saa kunatosha, ilhali mbwa wa kazi hahitaji kuchoka miguu tu. Anahitaji jambo la kutatua, kama kufuata harufu, kutafuta kilichofichwa, kuleta, kulinda kwa mafunzo. Na akianza kuharibu, nyumba hiyo hutafuta kosa ndani ya mbwa.

Hitimisho

Nimalizie na mbwa waliosafiri kinyume. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, Hifadhi ya Virunga ina kikosi cha mbwa wa kunusa nyayo, wa aina ya bloodhound, walioletwa kutoka Ulaya kusaidia walinzi kuwafuata majangili. Mbwa hao ni wageni wa hali ya hewa yetu kama basenji alivyokuwa mgeni wa London. Lakini hawakuja peke yao. Alikuja pia mwalimu, daktari wa mifugo kutoka Uswisi. Walinzi Wakongomani walifundishwa kuwatunza na kufanya kazi nao. Vibanda vilijengwa, na kazi ilikuwa inawasubiri. Mbwa walihama pamoja na maarifa yao. Hivyo ndivyo basenji hakuhamishwa.

Tofauti ya safari hizi mbili ndiyo jibu la swali nililoanza nalo. Mbwa wa jirani yetu hakuwa na mbegu mbaya. Aina yake ilianza kuandikishwa Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo, wanyama wa kutembea kutwa pembeni mwa kundi na mchungaji wao. Alifungiwa ndani ya mabati, hana kundi, hana mchungaji, na duara alilolichimba ardhini lilikuwa ndiyo malisho aliyopewa. Mtoto aliyeng'atwa ana kovu mkononi mpaka leo, na mimi sisemi kovu hilo ni dogo. Nasema tu kwamba kabla ya kuandika kwenye lango kuwa ndani kuna mbwa mkali, mwenye nyumba angejiuliza kwanza ni kazi gani ameinyang'anya na nini ameweka mahali pake. Na sisi wanafunzi wa historia tunaolitamka jina basenji tukumbuke kwamba maarifa ya kumfuga vizuri mbwa huyu yalikuwa mikononi mwa watu waliotukanwa kwa jina hilohilo.